Nanoselulosi ya mkonge Muheza: kisa cha sampuli moja na mashine nyingine

Kikundi cha wakulima wadogo wa mkonge wilayani Muheza, mkoani Tanga, kilikuwa na andiko la mradi mkononi na kilitaka kwangu jibu la ndiyo au hapana. Andiko lilieleza kwamba nyuzi fupi zinazobaki kwenye korona, yaani mashine ya kukamulia majani ya mkonge, na kwenye brashi, mashine ya kusafishia nyuzi, ambazo huuzwa kwa bei ya chini kabisa au hutupwa, zitageuzwa kuwa nanoselulosi, yaani selulosi ya mmea iliyotenganishwa hadi vipande vyembamba mno. Nanoselulosi hiyo itakaushwa iwe unga, na unga utauzwa nje kwa mnunuzi ambaye tayari ameonyesha nia kwa barua pepe. Mkopo ungenunua vitu viwili: mashine ya shinikizo kubwa ya kupasulia nyuzi na mtambo wa kukaushia.

Mwandishi wa andiko ni kijana wa kikundi hichohicho, msomi wa kemia, na sampuli alizitengeneza kwa mikono yake. Chupa zilipangwa mezani, na uji wake ulikuwa mweupe wa kupenyeza mwanga. Mwenyekiti, mzee aliyewahi kukata mkonge kwenye mashamba ya wazungu, alinitazama mimi badala ya chupa. “Mwalimu, mkonge tunaujua tangu kwa wazee wetu. Hiki kingine ndicho tunachotaka utufumbulie. Kipo kweli? Na kikiwepo, nani anakinunua?”

Swali la pili lina uzito Tanga kuliko kwingine. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, kisha kamba za plastiki zikaushusha chini miaka iliyofuata. Wazee waliokuwapo hawakopi fedha kwa habari njema tupu, na mimi naona wana haki. Nimekubaliwa kukiandika kisa hiki bila majina kwa sababu naamini vikundi vingine vitapelekewa andiko la namna hii.

Kipo kweli?

Kipo, na nalisema hili kwa furaha. Uzi wa mkonge tunaoushika ni fungu la seli nyingi zilizoungana. Ndani ya ukuta wa kila seli selulosi imejipanga kwa nyuzinyuzi nyembamba mno, zikishikanishwa na hemiselulosi na lignini. Ukiziondoa hizo mbili, kisha ukakata zile sehemu za selulosi zisizopangika vizuri, hubaki vijiti vya fuwele. Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliripoti vipimo vya vijiti vya mkonge mwaka 2006: urefu wa wastani nanomita 250, unene nanomita 4. Nanomita ni mita iliyogawanywa mara bilioni moja.

Kitu chenye urefu lakini ambacho upana na kimo chake ni vya nano, watafiti hukiweka kwenye nyenzo za dimensheni moja, pamoja na mirija ya kaboni aliyoieleza Sumio Iijima mwaka 1991. Grafini, waliyoitenga Andre Geim na Konstantin Novoselov mjini Manchester mwaka 2004, ni ya dimensheni mbili, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Nukta za kwanta, chembe ndogo mno zilizoleta Nobeli ya kemia ya mwaka 2023, zimebanwa pande zote na huhesabiwa kuwa na dimensheni sifuri. Katika makundi yote haya, umbo jembamba linamaanisha kwamba sehemu kubwa ya mata iko usoni. Nilipiga hesabu ya kijiti cha mkonge mbele ya kikundi. Kwa unene wa nanomita 4 na uzito wa gramu 1.5 kwa sentimita ya ujazo, gramu moja ya vijiti vilivyoachana kabisa ina uso wa zaidi ya mita za mraba 600. Msomaji aishike namba hiyo, maana shida zote zinazofuata zinatoka humo.

Kupima kama sampuli ni nano kweli si kazi ya macho. Hadubini ya elektroni ndiyo inayotoa picha ya vijiti, na Muheza hakuna. Lakini ipo njia ya kuchuja uongo mapema. Fundi televisheni mmoja wa Ngamiani, mjini Tanga, alitupa vipande vya ule utando wa plastiki unaobanduliwa kwenye vioo vya TV bapa zilizokufa. Ukipishanisha vipande viwili, giza huingia. Weka chupa ya uji katikati, itikise: vijiti vya fuwele vikilala upande mmoja hupindisha mwanga na giza linapasuka kwa mawimbi yanayong’aa. Nyuzi nene nazo hung’aa, lakini hizo utaziona moja moja, kama nyuzi. Sampuli ya kijana ilikuwa maji meupe yasiyo na uzi hata mmoja, na ikang’aa chupa nzima. Nilimpongeza palepale. Kupata uji wa namna ile kwa jiko la mkaa, ndoo na uvumilivu ni kazi ya kuheshimika.

Njia aliyotumia ni ile iliyozoeleka maabara. Kwanza alichemsha nyuzi kwa kostiki, ileile ya watengeneza sabuni, kuondoa hemiselulosi na sehemu ya lignini. Kisha akang’arisha kwa dawa ya klorini. Mwisho asidi ya salfuriki ya asilimia 64, kwenye joto la karibu sentigredi 45, chini ya saa moja. Asidi hii alipewa na maabara ya shule, kiasi kidogo. Nalitaja hilo kwa sababu andiko lilidai kwamba kazi ikikua itatumika tindikali ya betri. Tindikali ya betri ina karibu theluthi moja tu ya asidi, iliyobaki ni maji, na kuichemsha ili ikolee ni kumweka mtu kwenye hatari ya kuungua uso na mapafu. Sehemu hiyo ya andiko niliikata kwa kalamu nyekundu kabla hatujaendelea.

Unga

Barua pepe ya mnunuzi ilikuwa fupi na ilitaka kitu kimoja: unga mkavu ambao ukitiwa majini na kukorogwa unarudi kuwa uji uleule. Kijana alikausha sampuli kwenye tanuri la mkate. Ukatoka unga wa rangi ya kahawia hafifu. Tuliutia kwenye glasi ya maji, tukakoroga, tukaacha. Ukazama wote.

Hapa ndipo zile mita za mraba 600 zinapodai haki yake. Uso wa selulosi umejaa vikundi vya haidroksili, vinavyopenda maji na vinavyopendana vyenyewe kwa vyenyewe. Maji yakiwapo, kila kijiti kimezungukwa. Maji yakiondoka, vijiti vinasogeleana na kushikana kwa vifungo vya haidrojeni uso mzima, na ukubwa wa nano unakwisha. Ni kama ugali uliokaukia chunguni, ukiuloweka unabanduka vipande lakini haurudi kuwa uji. Watengeneza karatasi wameijua tabia hii tangu kabla neno nano halijaanza kutumika.

Kwa vijiti vilivyotengenezwa kwa asidi ya salfuriki ipo dawa, na ni ndogo ajabu. Asidi hiyo huacha usoni mwa kijiti vikundi vya salfati vyenye chaji hasi, na chaji hizo ndizo zinazovifanya vijiti visukumane. Zikiwa bado zimeshika haidrojeni, yaani zikiwa katika hali ya asidi, kukausha kunaviunganisha moja kwa moja, na joto linavichoma. Ile rangi ya kahawia ndiyo dalili. Watafiti wa Kanada walionyesha mwaka 2012 kwamba ukibadilisha haidrojeni hiyo kwa sodiamu kabla ya kukausha, unga unarudi majini vizuri. Tulifanya hivyo kwa kostiki nyepesi, tone kwa tone, hadi karatasi ya kupimia asidi ikatulia katikati, tukakausha kwa joto dogo bila kuukausha kupita kiasi. Safari hii unga ulitawanyika, na chupa ikang’aa tena kati ya vile vipande vya TV.

Chumba kilichangamka. Mweka hazina, mama mtu mzima mwenye daftari, ndiye aliyeuliza swali lililobadilisha kisa: “Sasa ile mashine ya shinikizo tunayotaka kukopea, mwanangu, katika kazi hii yote imeingia wapi?”

Haikuingia popote. Na hapo ndipo andiko lote lilipofunguka. Sampuli aliyotumiwa mnunuzi ilikuwa vijiti vya fuwele, vilivyokatwa kwa asidi. Mashine iliyotakiwa kununuliwa inapasua nyuzi kwa nguvu, haikati kwa kemikali, na kinachotoka humo ni nyuzinyuzi ndefu zinazojinyonganyonga, ambazo zina sehemu za fuwele na zisizo za fuwele pamoja. Zote mbili huitwa nanoselulosi. Zote mbili hutoka kwenye mkonge. Lakini nyuzinyuzi ndefu hazina zile chaji za salfati, na zikikauka hujifunga kiasi kwamba kostiki yetu haisaidii. Kikundi kingekopa fedha, kingeunda nyuzinyuzi, kingezikausha, na mnunuzi angepokea kitu ambacho hakufanana na sampuli aliyoipenda. Kijana hakukusudia kumdanganya yeyote. Alisoma makala za aina mbili akaziunganisha kwa sababu jina ni moja, na nimekwisha kuona watu wenye maabara kamili wakifanya hivyo.

Kwa nini basi wasifuate njia ya asidi?

Hili tulilijadili muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo lilikuwa tumaini lililobaki. Kilo moja ya nyuzi zilizong’arishwa inahitaji, kwa kawaida, karibu lita 10 za asidi ya asilimia 64. Ndani ya lita hizo mna karibu kilo 10 za asidi yenyewe. Asidi haiishi kwenye mmenyuko. Baada ya kazi inazimuliwa kwa maji mengi, mara kumi na zaidi, na lazima iondolewe kwenye uji kwa kuoshwa tena na tena. Kuikusanya na kuikolesha upya kunawezekana kwenye kiwanda chenye vifaa vya kazi hiyo, kama kile cha Windsor, Quebec, kilichofunguliwa mwaka 2012 kwa uwezo wa tani moja kwa siku. Kikundi cha Muheza kingebaki na njia moja, kuiua kwa mawe ya chokaa.

Mawe ya chokaa Tanga tunayo, mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani yake. Nilipiga hesabu ubaoni. Kilo 10 za asidi zinadai kilo 10 za mawe ya chokaa na zinaacha kilo 17 hivi za jasi. Tuseme kikundi kinataka kilo 100 tu za unga kwa mwezi, na tuseme kwa ukarimu kwamba nyuzi zinatoa asilimia 40, kwa kuwa nyingine zinayeyuka na kuwa sukari. Zinahitajika kilo 250 za nyuzi safi, lita 2,500 za asidi, tani mbili na nusu za mawe, na nyuma yake tani nne na kitu za jasi yenye unyevu na sukari. Kilo mia moja za bidhaa, tani nne za taka. Mtu mmoja alipendekeza jasi iuzwe kwa wenye saruji, kwani saruji huchanganywa na jasi kidogo ili isishike haraka. Wazo lilikuwa la akili, ila sukari ni adui wa saruji: hata kidogo huichelewesha kushika.

Mkondo wa maji ya korona kwenda mtoni tayari ni lawama ya zamani katika mkoa huu. Kuongeza tindikali juu yake ni jambo nisilokubali kuliwekea jina langu, hata kama bei ya unga ingekuwa mara kumi. Nililisema hivyo, na mwenyekiti akaandika.

Njia ya mashine peke yake nayo ina deni lake, la umeme. Turbak na wenzake walipoitangaza Marekani mwaka 1983, selulosi ilipitishwa mara nyingi kwenye mashine ya shinikizo, na vipimo vilivyochapishwa baadaye vilitaja zaidi ya kilowati-saa 25,000 kwa tani kavu moja. Mtambo wa gesi ya mabaki ya mkonge uliojengwa Hale, jirani zetu kabisa, ulianza na jenereta ya kilowati 150. Jenereta hiyo ikifanya kazi usiku na mchana bila kuzimwa ingehitaji wiki nzima kwa tani moja. Wajapani, Akira Isogai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo, walipata kemikali ya kulainisha nyuzi kabla ya kupasuliwa na umeme ukapungua sana, lakini kemikali hiyo ni ghali na kazi yake inahitaji dawa ya klorini na usimamizi wa karibu.

Uji bila kuukausha

Kwa hiyo unga ulikataliwa pande zote mbili. Ukiacha kukausha, unabaki na uji ambao asilimia 98 ni maji. Lori la tani 10 likitoka Muheza kwenda kiwanda cha karatasi cha Mgololo kule Mufindi litakuwa limebeba kilo 200 za selulosi na tani 9.8 za maji, ambayo Mufindi wanayo.

Hapa maoni yangu yaligeuka kutoka kukataa na kuwa pendekezo. Kosa la andiko lilikuwa kuyaona maji kama mzigo wa kuondolewa. Tafuta kazi ambayo lazima itiwe maji hata hivyo, na iwe karibu. Tanga kazi hiyo iko kila mtaa: tofali na vigae vya saruji, vinavyofyatuliwa kwa saruji inayotoka kiwandani Pongwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliripoti mwaka 2015 kwamba vijiti vya selulosi vikitiwa kwenye saruji kwa ujazo wa asilimia 0.2 tu, nguvu ya saruji kuhimili kupindwa iliongezeka kwa karibu asilimia 30. Sababu moja waliyoieleza ni kwamba vijiti vinapitisha maji hadi kwenye kiini cha chembe za saruji, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya saruji inafanya kazi badala ya kubaki bikira katikati. Walionyesha pia kwamba ukizidisha kipimo, vijiti hujikusanya mabonge na faida inapotea. Ukikadiria kwa ujazo wa saruji, mfuko wa kilo 50 unahitaji karibu gramu 50 za vijiti vikavu, sawa na kilo mbili na nusu za uji, ambao unahesabiwa ndani ya maji ya kuchanganyia. Hakuna kukausha, hakuna unga wa kuvutwa puani, hakuna lori la mbali.

Niliweka sharti moja, na nalirudia hapa kwa msomaji. Asilimia 30 ile ni ya vijiti vya asidi, kwenye uji wa saruji tupu usio na mchanga, maabara. Kikundi hakitatumia asidi. Kitatumia nyuzi zilizochemshwa kwa kostiki, zikaoshwa, zikasagwa mbichi kwa mashine ya diski ya aina ya kusagia karanga, na kinachotoka humo ni mchanganyiko wa nyuzi za maikromita, yaani sehemu ya elfu ya milimita, na chache za nano. Kutangaza asilimia ya Purdue kwenye tofali la Muheza kungekuwa kuuza kitu cha mtu mwingine.

Majaribio ya mwanzo yalifanyika kwa mfyatua tofali mmoja mjini Tanga, mtu makini aliyekubali kupoteza saruji. Mchanganyiko wa kwanza ulilala bila kushika hadi kesho yake mchana. Fundi alitaka kuacha. Sababu tulikuwa tumeitaja tayari ubaoni: sukari. Nyuzi hazikuoshwa vya kutosha, na hemiselulosi iliyovunjika ilibaki kwenye uji. Zilipooshwa hadi maji ya mwisho yakatoka meupe na yasiyoteleza vidoleni, saruji ilishika kama kawaida. Kipimo kidogo cha uji kiliulegeza mchanganyiko kidogo, fundi akaupenda. Kikubwa kiliukaza hadi koleo likasimama.

Tulifyatua pia vipande vyembamba vya saruji, tukavilaza juu ya mawe mawili na kuning’iniza ndoo katikati, tukawa tunamimina mchanga hadi kipande kikatike. Vyenye uji vilibeba zaidi, lakini tofauti kati ya kipande na kipande cha kundi lilelile ilikuwa kubwa, kwa hiyo nimekataa kuandika asilimia yoyote. Jambo moja lilionekana wazi kila mara. Kipande kisicho na uji kilikatika ghafla, chenye uji kilipasuka kwanza na kushikilia kidogo, maana zile nyuzi nene zilizobaki zinafanya kazi ya kushona ufa. Kwa kigae cha paa hilo lina thamani yake, hata pasipo nano.

Kijana alivunjika moyo kwa muda, naye aliniambia waziwazi: “Mwalimu, nilitaka tuuze teknolojia, sasa tunauza tofali.” Nilimjibu kwa mfano wa hapa nchini. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alipopata tuzo ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza ya uvumbuzi barani Afrika mwaka 2015, alichokuwa amekitengeneza ni kichujio cha maji kinachotumia mchanga pamoja na nyenzo za nano, zinazorekebishwa kufuata uchafu wa maji ya mahali husika. Watu walipata maji ya kunywa. Nano ilikuwa ndani, ikifanya kazi.

Maamuzi yaliyoandikwa kwenye daftari la mweka hazina ni haya. Maombi ya mkopo wa mashine ya shinikizo na mtambo wa kukaushia yamesitishwa. Mnunuzi wa nje ameandikiwa ukweli kwamba sampuli ile ilitengenezwa kwa asidi na kikundi hakitazalisha kwa njia hiyo. Asidi itabaki maabara ya shule, kwa sampuli za kulinganishia peke yake, chini ya mwalimu. Kijana amepewa kazi ya kupeleka uji wa mashine ya diski kwenye chuo chenye hadubini ya elektroni, ili ijulikane ni kiasi gani cha nyuzi kimefika unene wa nano. Mfyatua tofali atatengeneza makundi mawili ya tofali kwa mchanga uleule na saruji ya mfuko uleule, moja lenye uji na jingine lenye maji matupu, yamwagiliwe sawasawa na yavunjwe yakitimiza siku 28 kwenye mashine ya kupimia, si kwa ndoo. Tofali zenye uji zisipozidi kwa kiasi kinacholipa kostiki, kuni na kazi ya kuosha, nyuzi fupi zitarudi kwenye marobota ya daraja la chini, na kikundi kitakuwa hakidaiwi na mtu.